Kabla hujamlaumu bosuni, uliza nani alimlipisha yule dogo

Hii post nimekaa nayo muda mrefu, naandika nafuta, manake nikiiandika kwa ukweli inabidi na mimi nijitaje, na hapo ndo pagumu. Ila juzi nilikuwa kwenye kikao cha watu wa kuajiri mabaharia (ndo kazi yangu siku hizi, nimeshuka melini, nakaa ofisini natafutia meli watu), ratiba ikawa na mada tatu, asubuhi uajiri, mchana familia za mabaharia, jioni uonevu wanaofanyiwa mabaharia wapya melini. Kila mada na mtu wake na slaidi zake. Hakuna hata mmoja aliyegusa ya mwenzake, na mimi nimekaa kiti cha nyuma najiuliza, hivi hawa hawaoni wanaongelea jambo moja?

Kwangu ni jambo moja kabisa. Dogo anayemwagiwa uchafu wa jikoni kichwani halafu ananyamaza, hanyamazi kwa sababu ni mpole. Ananyamaza kwa sababu ile kazi aliinunua, na kuna watu nyumbani wanasubiri hela mwisho wa mwezi. Ukitaka kujua kwa nini hasemi usianzie deki (sitaha ya meli), anzia kwa ajenti aliyemlipisha.

Nianze na mimi basi.

Kazi yangu ya kwanza niliinunua. Nasema niliinunua wakati wenyewe walikuwa na majina mazuri ya ile hela, mara "ada ya ofisi", mara "ada ya kuandaa faili", mara viza, mara kozi ambayo nilikaa darasani siku moja nikapewa cheti cha siku tano. Ukijumlisha yote ilikuwa mishahara yangu ya miezi mitatu na ushee, na mshahara wenyewe bado sijauona. Mama akauza alivyouza, mjomba akakopesha, na mjomba ni mtu mzuri lakini akikukopesha anakuuliza "habari ya safari" kwa sauti ambayo unajua anauliza nini.

Baadaye sana, nimeshakuwa mtu mzima melini, ndo nikaja kusoma kwamba yote yale hayaruhusiwi. Kuna mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006, wenyewe tunauita MLC, ulianza kutumika tarehe 20 Agosti 2013, na umeandika wazi kabisa kwamba baharia halipi ada ya kutafutiwa kazi, si moja kwa moja wala kwa kuzungushwa. Vitu anavyoweza kulipia mwenyewe ni cheti cha afya cha nchi yake, kitabu cha baharia, na pasipoti au hati ya kusafiria kama hiyo. Viza? Ya mwenye meli. Soma tena, viza ni ya mwenye meli. Mimi nililipa viza mbili na moja sijawahi kuiona mpaka leo.

Na kuna kitu kingine humohumo ambacho watu hawakijui, wakala haruhusiwi kuweka orodha ya kuwafungia watu milango, ile tunayoiita blaklisti. Kila baharia anaiogopa. Ukiripoti unaambiwa "jina lako litaenda", linaenda wapi hawasemi. Huo ndo ujanja wenyewe, orodha haihitaji hata kuwepo, inatosha wewe kuamini kwamba ipo.

Basi nikapanda. Miezi tisa. Siku ya tatu bosuni wa pale (ndo msimamizi wa mabaharia wa deki), mzee mmoja mfupi mwenye mikono kama koleo, akaniambia "dogo, wewe bado hujabatizwa", wenzake wakacheka, na mimi nikacheka, manake ukiwa mgeni unacheka kila kitu.

Kwa ambao hamjawahi kukaa melini, kubatizwa ni hivi. Meli ikivuka ikweta kuna mila ya zamani sana, wale ambao hawajawahi kuvuka wanapelekwa mbele ya mtu aliyejivika kama mfalme wa bahari, Neptune, na ndevu za kamba na mkuki wa bati, wanahukumiwa, wanapakwa vitu, wananyolewa, wanatumbukizwa majini, mwisho wanapewa cheti. Hata Charles Darwin yalimkuta. Mwezi Februari 1832, akiwa kwenye meli ya Beagle, alifungwa kitambaa machoni, akapakwa lami na rangi usoni, wakamkwangua kwa kipande cha pete ya chuma ya pipa, wakampindua ndani ya maji. Na yeye alikuwa mgeni wa nahodha, anakula meza moja na nahodha, ameandika mwenyewe kwamba wenzake walitendwa vibaya kuliko yeye. Hapo ndo mimi nacheka kidogo kila nikiikumbuka. Miaka karibu 200 imepita na kanuni ni ileile, ukiwa na mtu mkubwa nyuma yako unapakwa kidogo.

Nyuma yangu mimi hakukuwa na mtu. Nikapakwa grisi iliyochanganywa na mabaki ya jikoni ya siku nne, nikatambaa deki nzima kwa magoti huku mtu amenishikia mpira wa zimamoto, nikanyolewa nusu kichwa, nikanyweshwa kitu ambacho mpaka leo sijui ni nini. Magoti yalitoka ngozi. Hiyo ilikuwa siku moja tu na ningeweza kuisamehe, kwa kweli ningeisamehe, shughuli ya siku moja na mwisho watu wakala nyama pamoja. Tatizo ni kwamba haikuisha. Baada ya pale ikawa kila siku kitu. Naamshwa kwenye saa zangu za kupumzika niende kumletea mtu chai. Natumwa injini rumu nikaombe "ndoo ya mvuke", injinia ananirudisha deki nikaombe "ufunguo wa kufungulia ikweta", napanda nashuka ngazi mara kumi watu wanagongesha meza kwa kicheko. Zamu zangu zikaanza kurefuka. Sheria inasema mapumziko yasipungue masaa 10 kwa kila masaa 24 na masaa 77 kwa wiki, na daftari la masaa lilikuwa linaonyesha hivyo vizuri kabisa, nilikuwa nalisaini mwenyewe.

Kwa nini nilisaini? Nadaiwa. Nikipiga simu nyumbani kwa kadi ya satelaiti, dakika zinakwisha kama maji kwenye kikapu, mama anauliza "unakula vizuri mwanangu?" namwambia nakula vizuri mama. "Watu wa huko wanakupenda?" Wananipenda mama. Halafu anapita mjomba nyuma, nasikia sauti yake.

Ndo maana nikiona bango limebandikwa kwenye mesi, chumba cha kulia, "HATUVUMILII UONEVU, RIPOTI" huwa nashindwa kujizuia kutabasamu. Bango halidaiwi na mjomba.

Sasa sehemu yangu mbaya.

Miaka ikapita, nikapanda ngazi, nikawa bosuni. Mimi. Na nikawa bosuni wa aina ileile, tena nilikuwa najisifia kwamba mimi simpigi mtu, mimi natania tu. Kuna imani moja iko ndani ya baharia aliyepitia mateso, anaamini kwamba yale mateso ndo yalimfanya awe baharia, kwa hiyo asipompitisha mwenzake anaona kama anamnyima kitu. Siyo hasira. Ningekuwa na hasira labda ningeshtuka mapema. Nilikuwa nafanya kwa roho safi kabisa.

Akaja kadeti mmoja, yaani mwanafunzi wa uofisa, kijana mwembamba, mkimya, kila ukimwita anaitika "naam mkubwa". Siku moja tumeshatoka bandarini, nanga imeshafungwa, nikamtuma aingie chumba cha mnyororo wa nanga akahesabu pingili, vile vipande vya mnyororo. Hesabu ya pingili haina maana yoyote, ni utani wa kale tu, mtu anahesabu anapotea anaanza upya. Nikamwambia kaa humo mpaka nikuite. Nikawacha mfuniko umeegeshwa tu, nikaenda kunywa chai na wenzangu tunacheka.

Wenzangu mabaharia mnaosoma hapa mmeshashika kichwa, najua. Kwa wengine nieleze. Chumba cha mnyororo kinakaa kimefungwa, chuma tupu, maji ya chumvi, matope ya chini ya bahari, na kutu. Kutu inakula oksijeni. Siyo mfano wa maneno, kile chuma kinapopata kutu kinaichukua oksijeni ya mle ndani, hewa inabaki lakini haina kitu. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Ikishuka hesabu zako zinaanza kuharibika bila wewe kujijua, ikifika chini ya 10 unazimia, na huwezi kunusa wala kuona chochote, hakuna harufu ya kukuonya. Ndo maana kwenye sehemu kama zile kunapimwa hewa kwanza, kunaandikwa kibali, kunawekwa mtu mlangoni, na tangu mwaka 2015 kila meli lazima ifanye zoezi la kuingia na kuokoa watu sehemu hizo kila miezi miwili. Mara nyingi anayekufa wa pili ni yule aliyeingia kumtoa wa kwanza. Mimi hayo yote nilikuwa nayajua. Nina cheti. Zoezi la mwisho nililiongoza mimi.

Chifu ofisa, msaidizi mkuu wa nahodha, alipita akaona mfuniko haujakaa sawa, akauliza nani yuko chini. Nikasema dogo anahesabu pingili, nikiwa bado na kicheko mdomoni. Yule mtu hakupiga kelele. Alibadilika rangi tu, akaenda kuufunua, akamwita, na kwa sekunde kama tatu hivi hakuna aliyejibu. Hizo sekunde tatu nimezibeba mpaka leo. Halafu tukasikia "naam mkubwa, nimefika mia na arobaini".

Akatoka mzima. Kichwa kilimuuma siku nzima.

Nahodha akatuita ofisini kwake watatu, mimi, chifu na yule kijana. Nilitegemea nifukuzwe na nilikuwa nimestahili. Nahodha akamgeukia kijana kwanza, akamuuliza swali moja ambalo sikulitegemea, "kwenye kozi yako ya usalama ulifundishwa habari ya sehemu zilizofungwa?" Akasema ndio. "Ulijua kwamba hutakiwi kuingia?" Ndio. "Sasa kwa nini hukukataa?"

Kijana akatazama viatu vyake. Akasema, "Nadaiwa."

Neno moja. Mimi nikahisi kama nimemwagiwa maji, manake lilikuwa neno langu, nilikaa nalo miezi tisa kifuani. Tulikuwa tumepitia kwa ajenti wa aina moja. Yule kijana angekubali kufa mle ndani kuliko kurudishwa nyumbani na deni.

Sikufukuzwa, nilishushwa cheo mpaka mwisho wa mkataba, na kusema kweli ilikuwa nafuu kuliko nilivyostahili. Na nahodha alifanya kingine ambacho leo hii ndo nakifanya mimi ofisini, alichukua karatasi akamwandikia mwenye meli kwamba wakala wenu analipisha watu, siwezi kukuhakikishia usalama wa meli kama nusu ya deki wanaogopa kusema hapana. Aliiandika kama suala la usalama wa meli kabisa. Huruma hakuitaja. Wale wakala walibadilishwa msimu uliofuata.

Tangu hapo mimi nikiongelea kuzuia uonevu naanza na uajiri na watu wananishangaa.

Kwenye interviu sasa hivi swali langu la mwisho, baada ya vyeti na mengine yote, huwa nafunga faili naliweka pembeni halafu nauliza, mpaka umefika kwenye hiki kiti umemlipa nani? Mwanzoni kabisa hawajibu. Wanaangalia mlango. Naomba tena, namwambia ukinitajia hukosi kazi, ukinificha ndo nakuwa na shaka. Wapo wanaotaja mtu wa getini kwetu, sina la kujitetea hapo, ilitokea na yule mtu hayupo tena. Wapo waliolipa "kaka mmoja anayejuana na ofisi" ambaye ofisi haimjui. Tukigundua tunafuatilia hela irudi, na isiporudi angalau dogo anapanda akijua kwamba sisi tunajua, na hiyo peke yake inapunguza kitu begani.

Halafu mkataba. Unatakiwa upewe nafasi ya kuusoma na kuomba ushauri kabla ya kusaini, na nakala yenye saini zote mbili unabaki nayo. Mimi nawapa waende nao nyumbani walale nao. Ofisi jirani wananicheka eti nachelewesha. Wacheke.

Humo humo kwenye makaratasi kuna utaratibu wa malalamiko, kila baharia anatakiwa apewe nakala yake, na watu wanadhani ni karatasi ya kujaza faili tu. Isome ndugu yangu. Inasema unaweza kwenda na mtu wa kukusindikiza. Inasema unaweza kumruka bosi wako uende moja kwa moja kwa nahodha, na ukiona nahodha naye ndo tatizo unaweza kwenda nje, kwa mamlaka ya nchi ya bendera (nchi meli ilikosajiliwa), au kwa mkaguzi bandarini ambaye hatakiwi kulitaja jina lako. Inatakiwa hata iwe na jina la mtu humo melini ambaye unaweza kumuomba ushauri kwa siri. Kwenye meli nyingi nilizokaa ile nafasi ya jina ilikuwa imejazwa jina la chifu ofisa aliyeshuka miaka miwili iliyopita.

Nije kwa familia sasa, na hapa nitakaa kidogo manake hapa ndo wengi wanapita mbio, wanadhani familia ni kutuma kadi za sikukuu.

Sheria inasema mshahara ulipwe isizidi mwezi mmoja, upewe hesabu yake kila mwezi, na ukitaka sehemu au yote iende moja kwa moja kwa mtu uliyemchagua nyumbani, mwenye meli aitume kwa wakati. Ule mgao unaokwenda nyumbani wenyewe tunauita aloti. Aloti ikichelewa wiki mbili, hujui inavyofika melini. Mke hapigi simu kugomba, anaandika tu "watoto wamerudishwa shule". Mtu anasoma hiyo saa nane za usiku anaingia zamu saa tisa na nusu, na hapo hapo kuna jamaa anamtania. Nimeona ngumi zikipigwa deki ambazo chanzo chake kilikuwa mhasibu aliye maili elfu tano kutoka pale, hajui hata sura zao.

Na ule mwaka wa korona, 2020, mnakumbuka? Bandari zimefungwa, watu hawabadilishwi, ilipofika kilele mabaharia kama laki nne walikuwa wamekwama melini mikataba imeshaisha. Sheria inataka mtu awe amepata haki ya kurudishwa nyumbani kabla hajamaliza miezi 12. Mimi nilikuwa nimekwama na watu wa miezi 15. Pale ndo niliona kitu cha ajabu, meli ambazo ofisi ilikuwa inawapigia wake wa mabaharia simu kila wiki, hata kama ni kusema "bado hatujapata ndege", zilikaa salama. Zile za kimya, hasira ilitafuta pa kwenda, na hasira ikitafuta pa kwenda melini inateremka ngazi, inaenda mpaka kwa mdogo kuliko wote.

Kwa hiyo siku hizi, kabla mtu hajapanda, namuomba aje na mtu wake mmoja. Mke, mume, mama, dada, yeyote atakayekuwa anapokea zile simu. Tunakaa nusu saa. Namwambia vitu vichache. Jina la meli siyo la kutegemea, majina na bendera hubadilika, andika namba ya IMO, namba ya utambulisho ya meli, tarakimu 7, hiyo inabaki na ile meli mpaka inakatwa chuma chakavu, ukinipigia ukiitaja hiyo najua unaongelea ipi. Namwambia ukiona mishahara miezi miwili haijaingia usikae unasubiri kwa aibu, hapo kisheria tayari inaweza kuhesabika kwamba baharia ametelekezwa, na tangu 2017 meli inatakiwa iwe na bima ya hilo na cheti chake kibandikwe humo ndani, inafidia mpaka miezi minne ya mshahara na tiketi ya kurudi. Na namwambia kitu kimoja ambacho hakiko kwenye sheria yoyote, ukimsikia sauti imebadilika, usimuulize "unakula vizuri", atasema ndio. Muulize "unalala masaa mangapi" na "unakaa na nani ukila". Hayo mawili ni magumu kudanganya.

Intaneti imesaidia, tena sana. Marekebisho ya MLC yaliyoanza kutumika Desemba 2024 yanataka mwenye meli atoe intaneti kadiri inavyowezekana na kama analipisha basi bei iwe ya kueleweka. Kuna wazee wanalalamika eti wifi imeua ule umoja, kila mtu kajifungia kabini na simu. Wana ka ukweli kidogo. Ila mimi nikikumbuka ule "umoja" tuliokuwa nao wakati hakuna wifi, nikikumbuka nani alikuwa anacheka na nani alikuwa anachekwa, sioni sana cha kulilia. Kinachonitisha ni manahodha wanaozima wifi kama adhabu. Ukimzimia mtu aliyekosea unamzimia na mama yake.

Kuna mtu ataniuliza kwa hiyo unataka kufuta hata sherehe ya ikweta. Hapana bwana. Mimi cheti changu cha Neptune nimekitundika mpaka leo. Utani wa melini nao una kazi yake, miezi tisa bila utani mtanyongana. Kipimo changu ni kidogo sana, yule anayefanyiwa akisema hapana kwa sauti ya kawaida, usingizi wake, chakula chake, zamu yake na ripoti yake ya mwisho wa mkataba vinabaki vilevile? Kama vinabaki, mpakeni unga mcheze. Kama kuna hata kimoja kinatikisika basi hiyo siyo sherehe tena. Na sehemu zilizofungwa, mashine, na bahari yenyewe havitaniwi, hapo hata kipimo hakuna.

Kwa wanawake mambo haya yanachukua sura nyingine na mimi siyo mtu wa kuyasimulia, wapo wenyewe wanaosimulia vizuri kuliko mimi. Niseme tu hesabu ya 2021 ilionyesha mabaharia wa meli za biashara ni kama milioni 1.89 na wanawake hawafiki hata asilimia 2. Kadeti wa kike akipanda mara nyingi ni peke yake meli nzima, hana hata wa kula naye mezani, sasa yule "mtu wa ushauri wa siri" ambaye jina lake ni la mtu aliyeshuka atamsaidia nini. Tangu Januari 2026 ile kozi ya msingi ambayo kila baharia anapitia inabidi iwe na somo la kuzuia unyanyasaji, wa kijinsia na ule wa kuonea. Ni hatua nzuri. Ila mimi nilikuwa na cheti cha sehemu zilizofungwa siku ile, mnakumbuka.

Na kwa wale wa jeshi la majini na walinzi wa pwani wanaonisoma, mnaniambia kwenu hakuna ajenti, hamkulipa mtu. Sawa. Lakini kuna nafasi moja watu elfu wameigombania, kuna familia nzima imetangaza mtaani kwamba mtoto wetu kachukuliwa. Hilo nalo ni deni, halina risiti tu.

Yule kijana wa pingili alikuja kuwa ofisa. Tunaongea. Hajawahi kulitaja lile jambo na mimi nilishamuomba radhi mara mbili, mara zote mbili akasema "yameisha mkubwa", bado ananiita mkubwa, na kila akiniita hivyo nasikia zile sekunde tatu.

Wiki iliyopita nilikaa na mama mmoja ambaye mwanae anapanda kwa mara ya kwanza. Mama mtu mzima, kaja na daftari. Akaandika namba ya IMO, akairudia kwa sauti, akaandika namba yangu ya simu, akaniangalia juu ya miwani. "Na nikikupigia usiku wa manane, utapokea kweli?" Nikamwambia nitapokea mama. Akafunga daftari akaondoka.

Saa nane na robo usiku simu ikaita. Nikapokea nimeshituka, moyo unapiga. Akasema, "Haya baba, nilikuwa najaribu tu. Lala salama." Akakata.